Kabla Mtama Haujapurwa

Kata iligonga mdomo wa mtungi, ikazama, ikatoka na maji. Ikagonga tena. Kulikuwa bado hakujapambazuka, na jogoo wa jirani alikuwa hajajaribu koo lake. Mwamvua alilala macho, akimsikiliza mdogo wake Tabu akichota maji ya kukorogea unga wa vitumbua. Zamu ilikuwa ya Mwamvua. Alijua kwamba Tabu anachota polepole makusudi, ili asimwamshe.

Wema huo mdogo ulimchoma. Tangu jioni ile ya sinema, kila aliyemtendea wema alimchoma.

"Niko macho," alisema.

"Najua. Aliyelala haguni," Tabu alijibu kutoka uani. "Pumzika, Mama Sinema. Watu mashuhuri hawapiki vitumbua."

Mwamvua hakucheka. Nusu ya mji wa Shinyanga walikuwa wanamwita hivyo sasa, Mama Sinema, na mara ya kwanza alipolisikia jina hilo sokoni alilifurahia. Alijifunga kanga yake vizuri zaidi, akatembea kama mtu anayetazamwa. Ndilo lililomuumiza zaidi alipolikumbuka.

Mambo yalikuwa hivi. Lori la serikali lilikuja na mashine ya picha zinazotembea, miaka ile nzige walipokuwa wamekwisha kupita na wanaume wakawa wanamiminika Geita kutafuta dhahabu. Kitambaa cheupe kilitundikwa uwanjani karibu na stesheni. Watu walijaa, wa mjini na kanzu na kanga zao, wa vijijini na kaniki zao na viti vyao vya miguu mitatu walivyovibeba begani. Picha zenyewe hazikuwa na sauti. Kijana mmoja wa Bukoba aitwaye Theonest alisimama kando ya kitambaa, bomba la bati mdomoni, akieleza kwa Kiswahili yale ambayo Bwana mwenye lori alimpa aeleze.

Lakini kwa wanawake wengi wa vijijini Kiswahili kilikuwa cha sokoni tu, cha kuulizia chumvi. Ndipo karani akamwita Mwamvua. Baba yake alikuja na misafara kutoka pwani, mama yake alikuwa Msukuma wa hapohapo, na lugha zote mbili alizinyonya pamoja na maziwa. Tena alisifika kwa hadithi. Hapakuwa na harusi ambayo hakuitwa kukesha na maharusi akisimulia. Wakamkalisha katikati ya wanawake. Theonest akisema, naye anageuza kwa Kisukuma: "Bwana anasema, huyu ni mke wake. Bwana anasema, hapa anaaga, anakwenda kuchimba."

Ilikuwa picha ya mwanamume aliyemwacha mkewe akaenda machimboni. Mke akalima peke yake. Jua likawaka, mahindi yakanyauka, akapanda tena. Mume akaonekana shimoni, kisha akaonekana kwa mgongo akienda zake na sururu begani, kisha hakuonekana tena. Mwishoni kabisa mke alikuwa anafagia uwanja wake jioni. Akaacha kufagia. Akanyanyua uso, akaweka mkono juu ya macho, akatazama njia.

Kitambaa kikawa cheupe kitupu.

"Imekatika!" wanaume walipiga kelele. "Washa mashine!"

"Haijakatika," Theonest alisema. "Imekwisha."

"Imekwishaje? Nani anakuja?"

"Haikuonyeshwa."

Nassibu, fundi cherehani, alisimama juu ya boksi lake. "Huu ni wizi! Mimi nikikushonea suruali ya mguu mmoja nikakwambia ndivyo ilivyo, utanilipa?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Bujiku, mwenye ng'ombe wengi, alikuwa bado ameketi, ameegemea fimbo yake. "Wewe Nassibu unataka kutafuniwa," alisema. "Mimi nakwenda nayo nyumbani nikaicheue, kama ng'ombe wangu. Ingekwisha yote, kesho ningekuwa nimeisahau."

"Cheua wewe, mzee. Mimi njaa yangu ni ya sasa hivi."

"Tabora walikitupia kitambaa madongo," Theonest alisema, akicheka kwa uchovu. "Mimi mwenyewe nimeiona picha hii mpaka naiota. Siku nyingine naona anayekuja ni mumewe. Siku nyingine naona ni mtu aliyeleta habari mbaya."

Hayo yalisemwa kwa Kiswahili, upande wa wanaume. Upande wa wanawake, nyuso zote zilikuwa zimemgeukia Mwamvua. Na mmoja wao, mwanamke asiyemjua, alikuwa amemshika kifundo cha mkono tangu pale yule mwanamume alipoonyeshwa kwa mgongo. Mguu mmoja wa mwanamume yule ulikuwa unajitupa kidogo nje anapotembea. "Huo ni mwendo wa Masele," mwanamke yule alikuwa amenong'ona. "Mume wangu. Alikwenda Geita. Mguu ule alikanyagwa na ng'ombe." Sasa vidole vyake vilizidi kukaza.

"Bwana anasemaje, mayu, mama yangu?" aliuliza. "Ni nani anayekuja?"

Mwamvua angeweza kujibu: Bwana hajasema. Maneno mawili tu. Lakini maishani mwake hakuwahi kuwaacha wasikilizaji wake midomo wazi, na mkono ule ulikuwa umemng'ang'ania, na wanawake wote wale walikuwa wanamsubiri yeye.

"Bwana anasema ni mumewe," alisema. "Bwana anasema amekwisha vuka mto. Amechoka, lakini ni mzima. Atafika nyumbani kabla mtama haujapurwa."

Vigelegele vilipanda mpaka wanaume wakageuka kuuliza kulikoni huko. Mwanamke yule hakupiga kigelegele. Aliubusu mkono wa Mwamvua, akaondoka gizani haraka, kama mtu aliyeacha jambo motoni.

*

Vitumbua vya kwanza vilikuwa vinachomwa, na mbingu imeanza kung'aa upande wa reli, waliposikia hodi ya sauti nzito. Mwanamume mrefu alisimama nje ya ua, hakuvuka, kibuyu cha maziwa mkononi.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia Mwamvua, akiinama. "Mimi naitwa Makoye, natoka upande wa Ibadakuli. Nisamehe kuja mapema. Nimeambiwa wewe ndiye uliyepewa maneno ya ile picha."

"Ndiye mimi," Mwamvua alisema. Tayari moyo ulikuwa umemshuka. "Karibu ndani, baba."

"Hapa panatosha. Nina swali dogo tu. Mume wa Nyamizi, yule Masele, Bwana alisema atafika siku gani?"

Tabu aliacha kijiko juu ya chungu. Mwamvua alimwomba mgeni aeleze, akaeleza, polepole, akichagua maneno ili asimkwaze mtu yeyote. Masele aliondoka mwaka ule nzige walipotua mara ya kwanza. Hakuleta neno wala salamu. Mwaka huu wazee wa ukoo wake walikubaliana kwamba mavuno yakiisha watamlilia kama mtu aliyekufa, na Nyamizi atakuwa huru. Makoye alizungumza na wazee ili amwoe. Nyamizi mwenyewe alikubali. Misimu miwili Makoye alikuwa anamlimia, anamzibia uzio wa minyaa, anamchotea maji mama mkwe wake ambaye haoni vizuri.

"Baada ya picha amenikataza nisikanyage pale," alisema. "Mimi sikasiriki. Mwenye nyumba akirudi, mimi ni nani? Ila jembe langu na shoka viko ndani kwake, na naona haya kwenda kuvidai, ataona kama namfukuzia. Nikiijua siku, nitamwomba dada yangu akavitoe kimyakimya. Mtu ametoka mbali namna ile. Si vizuri akute jembe la mwanamume mwingine limeegemea ukuta wake."

Mwamvua alitafuta pa kuweka macho. Kama mtu huyu angekuja na fimbo, angejua la kufanya.

"Siku siijui," alisema mwishowe. Ilikuwa kweli, na bado ilikuwa uongo zaidi kuliko ule wa kwanza.

"Mtama wao wamekwisha pura?" Tabu aliuliza.

"Bado." Makoye alikuna shingo. "Ameukata wote, ameulundika uwanjani, basi. Anasema akiupura kabla Masele hajafika atakuwa amemfungia njia. Mchwa wanaula kwa chini, kuku kwa juu. Wanaishi kwa michembe, viazi vikavu tu, yeye na bibi." Akakiweka kibuyu cha maziwa chini kwa mikono miwili. "Wabeja, mayu. Asante kwa kunisikiliza."

Wakamtazama akienda mpaka akapotea nyuma ya maghala ya Wahindi.

"Dada," Tabu alisema.

"Najua."

"Sijasema kitu bado."

"Najua ulilotaka kusema."

"Nilitaka kusema kunywa uji kwanza," Tabu alisema. "Ni mwendo mrefu, na aibu haitembei vizuri na tumbo tupu. Vitumbua nitauza mimi."

*

Njiani Mwamvua alijitungia maneno. Alikuwa hodari wa maneno. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Angeweza kusema Bwana amebadili kauli. Angeweza kusema habari mpya imeletwa na treni, kwamba Masele aligeuka mtoni, ana mke mwingine huko machimboni Nyarugusu, tangulieni kupura. Kila alipolipata neno zuri, laini, lisilomuumiza mtu, alilitazama kwa karibu akaona ni mtoto wa uongo ule ule, amevaa nguo nyingine. Alipofika kwenye uzio wa minyaa hakuwa na neno hata moja, na jua lilikuwa linaunguza.

Nyumba ilikuwa imesiribwa upya kwa udongo mweupe. Uwanja ulifagiwa mpaka ukaonyesha michirizi ya ufagio. Na katikati ya usafi wote huo palikuwa na lundo la mtama, masuke mekundu yamekauka, kuku wawili juu yake kama wenye mali. Chini, mchwa walikuwa wamejenga njia zao za matope zikapanda mpaka kwenye masuke.

"Mayu!" Nyamizi alitoka mbio, akapiga magoti kumwamkia. Mchana alionekana mdogo kuliko alivyomdhania gizani, na mifupa ya mabega ilikuwa imetokeza. "Nilijua utakuja. Umeleta habari? Usiseme, kaa kwanza. Mgeni hasemi akiwa wima."

Akamletea kigoda. Akamletea maji ya kunawa, kisha bakuli la michembe iliyochemshwa na karanga. Mwamvua aliona alivyoinamisha chungu na kukikwangua, na alivyokifunika upesi ili mgeni asione kwamba hakuna kilichobaki. Mama mkwe, Bibi Mageni, alitoka akipapasa ukuta, akaketi kivulini, macho yake yamefunikwa na ukungu.

"Nimesiriba nyumba," Nyamizi alikuwa anasema. "Uzio kule nyuma nimeziba mwenyewe. Wazee nimewaambia wasitishe mambo ya kilio. Walinicheka, lakini nikawaambia: ni Bwana aliyesema, si mimi. Kula, mayu, mbona huli?"

Mwamvua alikuwa ameshika kipande kimoja cha mchembe. Hakuweza kukila wala kukirudisha.

"Nyamizi, mwanangu," alisema. "Bwana hakusema."

"Hakusema nini?"

"Hakusema kitu. Picha ilikwisha mwanamke anatazama njia. Anayekuja hakuonyeshwa, wala hakutajwa. Ya mto, ya kuchoka, ya mtama, hayo niliyasema mimi. Yametoka kinywani mwangu, hayana kwingine yalikotoka. Na mwanamume yule si Masele. Wale ni watu wa milimani, mbali huko, waliombwa kutembea mbele ya mashine."

Kuku mmoja aliparura, masuke yakaporomoka kidogo. Nyamizi alikuwa bado amepiga magoti.

"Ulinionea huruma," alisema. Haikuwa sauti ya kushukuru.

"Ndiyo," Mwamvua alisema. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha fika huku kote kwa miguu, alisema na lililobaki. "Na nilitaka wapige vigelegele."

Nyamizi aliinuka. Alizunguka lundo la mtama mara moja, akarudi.

"Hadithi isiyo na mwisho mimi ninayo humu nyumbani, mayu," alisema. "Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimelima nayo. Nilikuwa nimekwisha izoea. Nani alikuomba uniletee mwisho? Umenipa, nikaushika kwa mikono miwili, na sasa umekuja kuuchukua. Unajua nimemwambia nini Makoye? Nimemwambia ameizunguka nyumba hii kama fisi anayesubiri mtu afe. Makoye! Mtu anayekohoa kwanza ndipo apite mbele ya mlango wangu!"

Mwamvua aliinamisha kichwa. Uso ulimwaka kama aliyeinamia jiko. Alitaka kusema kwamba mtu huyo alimletea yeye maziwa asubuhi ile, lakini aliona hata hilo lingekuwa kujipaka mafuta kwa wema wa mwingine. 

"Nisimulie mimi," Bibi Mageni alisema.

Wote wawili waligeuka.

"Nini, mama?" Mwamvua aliuliza.

"Hiyo picha. Mimi sikwenda, macho haya yangeona nini. Nisimulie. Ila usinisaidie."

Basi Mwamvua akasimulia. Katika maisha yake yote ya kusimulia hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile. Kila alipofika mahali ulimi wake ulitaka kuongeza ua hapa, machozi kule, akauzuia. Mume anaaga. Mke analima. Jua, mahindi, kupanda tena. Mume anaonekana mgongo. Alipofika jioni ile ya kufagia, sauti yake ilikuwa imekauka.

"Anaacha kufagia. Anaweka mkono juu ya macho. Anatazama njia."

"Halafu?"

"Basi."

"Uso wake ukoje?"

"Hacheki wala halii."

Bibi Mageni alipapasa ncha ya kaniki yake. "Kwa hiyo hata sasa hivi anatazama tu," alisema.

"Anatazama tu, mama."

"Aliyeitengeneza aliwahi kumngoja mtu," bibi alisema. "Kama ningekuwa pale jioni ile, ningemtupia dongo. Hasira ningekuwa nayo. Lakini ningejua anasema kweli." Akamgeukia mkwewe, mahali ambapo sauti yake ilikuwa imetoka mwisho. "Nyamizi."

"Abee, mayu."

"Mtama haujawahi kumfungia mtu njia. Mwenye miguu atakuja, aukute umepurwa au haukupurwa. Nilikuacha kwa sababu na mimi nilitaka iwe kweli. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi nina njaa. Pura tule."

 Nyamizi akaingia ndani, akatoka na fimbo ya kupuria, moja. Akawafukuza kuku. Akayatandaza masuke uwanjani, yaliyoharibika akayatupa kando, na lundo la yaliyoharibika halikuwa dogo. Akaanza kupiga.

Hakumwita Mwamvua. Mwamvua mwenyewe alifunga kanga kiunoni, akaitafuta fimbo nyingine ukutani, akasimama upande wa pili. Walipiga bila kutazamana. Mwanzoni fimbo ziligombana, moja ikishuka nyingine haijapanda. Baadaye, kwa kuwa mikono huchoka kugombana, zikapata mwendo mmoja. Vumbi lilipanda. Kuna wakati Nyamizi alipiga kwa nguvu kupita kiasi, meno yameumana, mashavu yamelowa, na Mwamvua alipunguza fimbo yake ili amwachie nafasi. Bibi Mageni kivulini alikuwa amebeba konzi ya punje, akiziviringisha kiganjani na kuzinusa.

Jua lilipopinda, kulikuwa na mtama wa kupika, na wa kuweka, ingawa haba. Mwamvua alinawa mikono akaaga. Hakutegemea kusindikizwa, aliona hastahili. Lakini Nyamizi alijitanda kanga akatangulia, kwa kuwa mgeni ni mgeni, hata aliyekuumiza.

Walitembea mpaka nje ya uzio, wakapita shamba lililobaki mabua, Nyamizi mbele, Mwamvua nyuma.

"Kwa Makoye napita njiani," Mwamvua alisema. "Nitamweleza kosa lilikuwa langu."

"Usimweleze." Nyamizi hakugeuka. "Lile neno la fisi nilimwambia mimi. Kumwomba radhi ni kazi yangu. Wewe umekwisha sema ya kutosha."

"Haya, mwanangu."

Mahali njia inapoanza kuteremkia korongo, Nyamizi alisimama. Mwamvua alisimama pia, akingoja amgeuzie mgongo aende zake. Ingekuwa haki yake. Nyamizi alimtazama, si usoni, bali kichwani, ambako makapi ya mtama yalikuwa yamenasa kwenye nywele zake zilizoanza mvi. Akanyoosha mkono akaanza kuyatoa, moja moja, kama mtu anavyomtolea mama yake, uso wake bado umekunjamana. Mwamvua aliinama apate kufikiwa, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa sababu hakuwa na hadithi yoyote ya kuyaelezea.

"Basi," Nyamizi alisema, akikung'uta vidole. Alikwisha piga hatua za kurudi aliposimama tena.

"Uje tena," alisema. "Usilete habari. Uje tu."